Neno “Average” na Maana Zake

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya neno moja tu la Kiingereza, nalo ni “average”. Huenda mtu akauliza: Je, neno moja laweza kutosha kwa mazungumzo ya usiku mzima? Laweza, tena litatubakia. Neno hili hutumika shuleni, sokoni, bandarini, katika michezo na katika hati za biashara, na watu wengi waliojifunza Kiingereza hudhani kwamba wamekwisha lijua tangu siku ile walipolisoma katika kitabu cha hesabu. Sisi nasi tulikuwa miongoni mwa watu hao, na kutojua kwetu kulimtia hasarani mtu ambaye hakuwa na kosa. Yatupasa tuanze na habari hiyo.

Jirani yetu mmoja, mwenye duka la nguo na vyombo vya nyumbani, alitujia jioni moja na hati ya bima mkononi. Yeye ni mtu mzima kuliko sisi, na watoto wake wawili tuliwafundisha. Alikuwa amekusudia kuikatia bima mali ya duka lake, ili moto ukitokea apate fidia. Hati ilikuwa ya Kiingereza kitupu, naye alikuwa ameiwekea alama sehemu moja kwa kalamu ya risasi. Akasema, “Mwalimu, sehemu nyingine nimeelezwa, lakini neno hili hakuna aliyenifahamisha. Maana yake nini?” Tukatazama, tukaona neno “average”. Tukacheka kidogo, tukamjibu, “Mzee wetu, hilo ni wastani tu. Ni neno la hesabu za darasani, lisikutie wasiwasi.” Akashukuru, akaenda, akatia sahihi.

Mali yake ilikuwa na thamani ya shilingi 8,000,000, naye aliikatia bima ya shilingi 4,000,000, kwa kuwa ada ya bima ya kiasi hicho ilikuwa nafuu. Alifikiri hivi: duka zima haliwezi kuungua lote, na likiungua nusu nitalipwa nusu, basi yatosha. Mwaka wa pili moto ukatokea, ukateketeza mali ya shilingi 3,000,000. Yeye alitazamia kulipwa shilingi 3,000,000 kamili, maana zilikuwa chini ya zile 4,000,000 alizokatia bima. Akalipwa shilingi 1,500,000. Alipouliza sababu, alionyeshwa lile neno moja alilokuwa ameliwekea alama. Akarudi kwetu na ile hati, wala hakutulaumu, alituuliza tu, kwa upole uliotuumiza kuliko lawama, “Mwalimu, wastani gani huu?”

Hatukuwa na jibu. Ilitubidi tulitafute, na tulipolipata tuliona kwamba neno lenyewe limesafiri mbali sana kabla ya kuingia katika vitabu vya hesabu.

Wataalamu wengi wa lugha wakubali ya kwamba asili ya neno “average” haikutoka Uingereza wala haikutoka katika hesabu. Asili yake ni neno la Kiarabu, awar, ambalo maana yake ni ila au kasoro. Na kutokana nalo likapatikana awaria, yaani bidhaa zilizoharibika. Wafanya biashara wa Kiarabu na wa Italia walikuwa wakikutana katika bandari za Bahari ya Kati, na katika karne ya 12 neno hilo laonekana katika hati za Genoa kwa sura ya avaria. Kutoka Italia likaenda Ufaransa, likawa avarie. Na Waingereza walipolichukua walilipa mwisho unaofanana na ule wa neno lao “damage”, ambalo maana yake ni uharibifu. Basi kwa karne nyingi “average” kwa Mwingereza hakikuwa kitu cha katikati. Lilikuwa ni gharama au hasara inayoupata mzigo baharini.

Lakini haikuwa hasara ya namna yoyote. Hebu tuwaze chombo kilichopakia shehena ya watu mbalimbali, kikakutwa na tufani katikati ya bahari. Maji yaingia, chombo chalemewa, na nahodha aona wazi kwamba kisipopunguzwa uzito kitazama na watu wote watakufa. Aamuru sehemu ya shehena itoswe. Mabaharia hawana nafasi ya kuchagua. Watupa kile kilicho karibu na mkono. Chombo chapona, chafika bandarini. Sasa swali ni hili: Je, ni haki kwamba yule ambaye mzigo wake ulikuwa juu abebe hasara yote peke yake, na wenzake waliookolewa kwa mali yake waende zao wakicheka?

Watu wa kale walijibu ya kwamba si haki. Katika mkusanyo wa sheria za Kirumi uliotolewa kwa amri ya mfalme Justinian mwaka 533, imo sheria inayotajwa kuwa ya watu wa kisiwa cha Rhodes, nayo yaamua kwamba mali ikitoswa ili kukipunguzia chombo uzito, hasara iliyofanywa kwa ajili ya wote italipwa kwa mchango wa wote. Mchango huo ndio ambao baadaye Waingereza waliuita “general average”. Na njia ya kuugawa ni hesabu ya haki kabisa, kwa sababu kila mtu hutoa kwa kadiri ya mali aliyokuwa nayo katika hatari.

Tufanye mfano. Chombo chenyewe kina thamani ya shilingi 600,000. Mfanya biashara wa kwanza ana mzigo wa 200,000, wa pili wa 100,000, na wa tatu wa 100,000. Jumla ya mali yote iliyo hatarini ni shilingi 1,000,000. Mzigo wote wa yule wa pili ukatoswa. Hasara basi ni 100,000 katika 1,000,000, yaani sehemu moja katika kumi. Kila mwenye mali atachukua sehemu moja katika kumi ya mali yake: mwenye chombo atatoa 60,000, wa kwanza atatoa 20,000, na wa tatu 10,000. Jumla ni 90,000, nazo atapewa yule aliyepotewa. Zile 10,000 zilizosalia ni sehemu yake mwenyewe, maana hata yeye alikuwa na mali ya kuokolewa, na haifai apone bila kuchangia hali wenzake wamechangia.

Msidhani kwamba hayo ni mambo ya kale yaliyokwisha. Wenye meli na wenye mizigo wana kanuni zao za mchango huo, ziitwazo Kanuni za York na Antwerp, ambazo zilianza kutungwa katika mikutano ya York mwaka 1864 na Antwerp mwaka 1877, na zimesahihishwa mara kadhaa, hata mwaka 2016. Tarehe 23 Machi 2021 meli kubwa iitwayo Ever Given ilikwama katika Mfereji wa Suez, ikaziba njia kwa muda wa siku 6. Mwezi wa Aprili wenye meli wakatangaza “general average”. Ndani ya meli hiyo yalikuwamo makontena zaidi ya 18,000, na kila mwenye mzigo, ingawa mzigo wake ulikuwa mzima bila mkwaruzo, alitakiwa atoe dhamana ya kwamba atachangia gharama za kuiokoa meli kabla hajakabidhiwa mali yake. Bila shaka wengi wao walishangaa kama alivyoshangaa jirani yetu.

Sasa tutaona jinsi neno la hasara lilivyogeuka kuwa neno la hesabu. Kugawa hasara ili kila mtu apate fungu linalolingana na haki yake ni kazi ya kujumlisha na kugawanya. Makarani wa bandarini walifanya kazi hiyo siku zote, na polepole neno likahama kutoka katika ile hasara likaenda katika ule ugawaji wenyewe. Kufika karne ya 18 Waingereza walikuwa wakilitumia kwa ugawaji wa namba zozote, hata zisizohusu bahari wala hasara: jumlisha namba zote, gawanya jumla kwa idadi yake, na jibu ndilo “average”. Ikiwa mtu ameuza vitambaa 12 Jumatatu, 7 Jumanne, na 11 Jumatano, jumla ni 30, na kwa siku 3 tunapata 10. Hakuna siku hata moja aliyouza 10. Namba hiyo ni ile ambayo ingalikuwapo kama siku zote zingalishirikiana sawasawa, kama wafanya biashara wa chombo kimoja walivyoshirikiana hasara.

Na sisi Waswahili twasema “wastani”. Neno hilo nalo limetoka katika Kiarabu, lakini shina lake ni jingine: ni wasat, yaani katikati. Ajabu ndiyo hiyo. Maneno mawili yaliyotoka katika lugha moja, moja likazunguka kwa njia ya Italia na Ufaransa na Uingereza, na moja likavuka moja kwa moja kuja pwani yetu, yakakutana tena katika ubao wa darasa letu, nasi tukayaandika pamoja kama ndugu mapacha. Kumbe mmoja alizaliwa katika hasara, na mwingine alizaliwa katikati. Ndiyo sababu hayafanani katika kila jambo. Mtu akisema kwa Kiswahili “nyumba ya wastani” au “bei ya wastani”, humaanisha kitu kisicho kikubwa wala kidogo. Hakupiga hesabu yoyote. Mwingereza pia husema hivyo kwa neno “average”, lakini mara nyingine huwa amepiga hesabu, na mara nyingine huwa yuko bandarini. Asikilizaye hana budi kutambua ni lipi kati ya hayo.

Tuanze na hesabu. Wastani wa kujumlisha na kugawanya si lazima uwe katikati ya watu. Mathalani, kuna watu 10 wameketi barazani. Tisa ni mahamali, na kila mmoja hupata shilingi 5,000 kwa siku. Wa kumi ni tajiri, naye hupata 955,000 kwa siku. Jumla yao ni 1,000,000, na wastani ni shilingi 100,000 kwa kila mtu. Mgeni akiambiwa ya kwamba watu wa baraza hilo hupata “kwa wastani” shilingi 100,000 kwa siku, atadhani amefika kwa matajiri, na huenda akawatoza kodi au akawanyima msaada kwa kadiri hiyo; kumbe watu tisa katika kumi hupata moja ya ishirini tu ya fedha hizo. Kwa hiyo wataalamu hutumia pia kipimo kingine: huwapanga watu kwa mstari kuanzia wa chini hata wa juu, kisha hutazama aliye katikati ya mstari. Katika baraza letu wa katikati ni hamali mwenye shilingi 5,000, na jibu hilo ndilo litoalo habari ya kweli. Mwingereza katika mazungumzo yake ya kila siku huviita vipimo vyote viwili “average”, na hapo ndipo watu wadanganyifu hupata maficho.

Lakini tusiudharau wastani, maana una nguvu zake. Mwaka 1906, katika maonyesho ya mifugo huko Plymouth, Uingereza, watu walishindana kukisia uzito wa ng’ombe atakapokuwa amechinjwa na kusafishwa. Mtaalamu mmoja, Francis Galton, akazichukua karatasi 787 za makisio yao akazipanga. Baadhi ya watu hao walikuwa wachinjaji na wakulima, na wengine walikisia tu. Kisio la katikati ya mstari lilikuwa ratli 1,207. Wastani wa kujumlisha na kugawanya ulikuwa ratli 1,197. Na uzito wenyewe ulikuwa ratli 1,198. Makosa ya waliozidisha na makosa ya waliopunguza yalifutana, ukweli ukabaki. Hiyo ndiyo kazi njema ya wastani: hufuta makosa yaliyotawanyika pande zote. Haiwezi kufuta makosa yanayoelekea upande mmoja. Kama mizani ya soko imeharibika na yapunguza ratli moja kila mara, ukipima mara mia na kutafuta wastani utapata uongo ule ule.

Sasa tutazame neno hili katika vinywa vya watu. Kwanza, latumika kwa sifa, au tuseme kwa kukosa sifa. Katika ripoti za shule huandikwa kwamba mwanafunzi fulani ni “average”. Mwalimu aliyeandika huenda akawa na maana kwamba mtoto yu sawa na wenzake wengi, wala hana neno. Lakini katika Kiingereza cha mazungumzo neno limeteremka. Mtu akisema kwamba chakula kilikuwa “average”, huwa hakukifurahia. Tumewahi kumwona baba akimgombeza mwanawe kwa sababu ya neno hilo, na mama wa mtoto mwingine akishangilia kwa neno lile lile siku ile ile. Afadhali mwalimu aandike alama za mtoto, na alama za katikati za darasa, kisha aseme kwa maneno ya wazi mtoto afanye nini.

Na hapa kuna neno kwa walimu wenzetu. Tumewasikia wakubwa wakiagiza kwamba wanafunzi wote wa darasa wawe juu ya wastani wa darasa lao. Agizo hilo haliwezi kutimizwa na darasa lolote duniani, maana wote wakipanda, wastani nao hupanda pamoja nao. Wengi waweza kuwa juu ya wastani, lakini si wote. Wanafunzi tisa wakipata alama 60 na mmoja akapata 10, wastani ni 55, na tisa wamo juu yake. Yule mmoja ndiye awawekaye huko. Mwalimu mwema hatajisifu kwa wale tisa kabla hajakwenda kuketi na yule mmoja.

Pili, neno latumika kwa kuwataja watu kana kwamba yuko mtu mmoja aitwaye “the average man”, mtu wa wastani. Mtaalamu wa Ubelgiji, Adolphe Quetelet, ndiye aliyeitangaza fikira hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1835. Kwake yeye mtu wa wastani alikuwa ndiye kielelezo cha wanadamu. Fikira ikaenea, hata watengenezaji wa vitu wakawa wanapima watu wengi, wanapata wastani, kisha wanatengeneza kitu kimoja kiwafae wote. Mwaka 1950 jeshi la anga la Marekani liliwapima marubani zaidi ya 4,000. Afisa mmoja kijana, Gilbert Daniels, akachukua vipimo 10 vya marubani 4,063, kama vile urefu, kifua na mikono, akatafuta ni wangapi walio karibu na wastani katika vipimo vyote kumi. Hakupata hata mmoja. Mwenye urefu wa wastani alikuwa na mikono mirefu. Mwenye mikono ya wastani alikuwa na kifua kipana. Kiti kilichofanywa kwa mtu wa wastani kilikuwa kimefanywa kwa mtu asiyekuwapo, na katika ndege kiti kisichofaa chaweza kumgharimu mtu uhai wake. Fundisho lake lilikuwa kwamba kiti kitengenezwe kiweze kusogezwa, kikubali kila mtu.

Tatu, neno latumika kwa umri wa watu. Twasoma kwamba Uingereza, kwa takwimu za mwaka 1841, wastani wa maisha tangu kuzaliwa ulikuwa miaka kama 40 kwa wanaume na 42 kwa wanawake. Wasomaji wengi hudhani kwamba mtu wa miaka 40 alikuwa mzee anayengojea kaburi. Sivyo. Watoto wengi mno walikufa wangali wachanga, na kila mtoto aliyekufa kabla ya kutimiza mwaka aliingia katika jumla kwa kiasi kidogo sana, akauvuta wastani chini. Aliyepona utoto alikuwa na tumaini la kuendelea mbali kupita hiyo miaka 40. Kwa hiyo namba hiyo, ikisomwa vema, haitupi habari za wazee. Hutupa habari za kilio cha akina mama. Asiyejua hivyo huupita msiba bila kuuona.

Nne, kuna usemi “the law of averages”, sheria ya wastani. Husemwa na wacheza kamari, na pia na watu wa kawaida waliopatwa na mikosi. Mtu akirusha sarafu mara tano, nayo ikaangukia upande wa kichwa mara zote tano, atasema kwamba sasa lazima iangukie upande wa pili, kwa sheria ya wastani. Sarafu haina kumbukumbu. Mara ya sita nafasi ya kila upande ni nusu kwa nusu, kama ilivyokuwa mara ya kwanza. Kweli iliyopo, ambayo Jacob Bernoulli aliithibitisha katika kitabu kilichotolewa mwaka 1713, ni kwamba marusho yakiwa mengi sana, fungu la kila upande hukaribia nusu. Mtaalamu wa hesabu kutoka Afrika Kusini, John Kerrich, aliyezuiliwa huko Denmark wakati wa vita vya pili vya dunia, alirusha sarafu mara 10,000 akaandika kila jibu. Kichwa kilitokea mara 5,067. Namba hiyo i karibu sana na nusu, ingawa imezidi kwa 67. Wingi haulipi deni la zamani. Huyafanya madogo tu. Anayecheza kamari akingoja sarafu imlipe deni lake, atangoja hata auze godoro.

Tano, Waingereza hawawezi kuzungumza juu ya mchezo wao wa kriketi bila neno hili. Wastani wa mpigaji ni jumla ya mbio alizopata, ikigawanywa kwa mara alizotolewa. Mwaustralia Don Bradman, tarehe 14 Agosti 1948, aliingia uwanjani huko London kwa mara yake ya mwisho katika mechi za mataifa, akiwa na mbio 6,996 na ametolewa mara 69. Wastani wake ulikuwa umepita 101. Alihitaji mbio 4 tu ili amalize kwa 100 kamili, hata kama angetolewa. Akatolewa kwa mpira wa pili bila kupata mbio hata moja. 6,996 ikagawanywa kwa 70, ikawa 99.94. Hakuna mpigaji wa mechi nyingi za namna hiyo aliyemkaribia. Hata hivyo watu hukumbuka zile mbio 4 zilizokosekana, maana wastani, kama deni, hauna huruma.

Sasa turudi kwa jirani yetu. Katika hati yake lile neno halikuwa na maana ya katikati, wala ya kawaida. Lilikuwa ni neno la zamani, lile la baharini, lililohamia nchi kavu. Sharti lenyewe lasema hivi kwa maneno ya wazi: ikiwa mali ina thamani kubwa kuliko kiasi kilichokatiwa bima, basi kwa ile sehemu iliyozidi mwenye mali atahesabiwa kuwa amejikatia bima mwenyewe, naye atachukua fungu lake la kila hasara. Jirani yetu aliikatia bima nusu ya mali yake. Kampuni ya bima na yeye mwenyewe walikuwa kama wafanya biashara wawili wenye mizigo sawa katika chombo kimoja. Moto ulipokula shilingi 3,000,000, hasara iligawanywa kama ambavyo ingegawanywa baharini: nusu kwa kampuni, nusu kwake. Hivyo alilipwa shilingi 1,500,000. Hesabu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la mfasiri.

Laiti tungalimwambia jioni ile, angalikuwa na njia mbili mbele yake: kuongeza ada na kukata bima ya thamani yote, au kubaki na nusu akijua kwamba nusu ya kila hasara, hata iwe ndogo namna gani, ni yake. Zote mbili ni njia za mtu mwenye akili. Tulichomnyima ni kuchagua.

Kwa hiyo twawashauri, wasikilizaji wetu, mlikutapo neno “average” katika jambo linalogusa fedha, watoto au maisha ya watu, muulize maswali matatu. La kwanza: Je, hapa ni hesabu, au ni usemi tu, au ni sharti la kugawana hasara? La pili: Ikiwa ni hesabu, ni ya kujumlisha na kugawanya, au ni ya aliye katikati ya mstari? La tatu: Ni nani walioingizwa katika jumla, na ni nani anayewavuta wengine juu au chini? Mwenye hati ya bima naye aulize la nne, akimtaka wakala amwonyeshe kwa namba: Nikipata hasara ya kiasi fulani, nitalipwa kiasi gani? Wakala mwaminifu atajibu kwa kalamu na karatasi mara moja.

Na kwa wenzetu tunaoitwa walimu, ambao watu hutujia jioni na karatasi mikononi, kuna neno jingine. Kumwambia mtu “Ngoja nikatazame kwanza” hakupunguzi heshima yetu hata kidogo. Jirani yetu alifungua duka lake tena, dogo kuliko lile la kwanza. Hati yake mpya aliileta kwetu, nasi tulikaa nayo siku tatu kabla ya kumjibu.